Mafundi mnaochanganya hazina za Debian kwenye kompyuta za watu kisha mnaondoka: mmetuachia mzigo usiobebeka

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira wala sitaificha, kwa sababu nimemaliza siku tisa za likizo ya Juni nikihangaika na kazi ambayo haikupaswa kuwapo. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kata mkoani Tanga, na kwa kuwa hakuna mwingine, ndiye ninayesimamia chumba cha kompyuta. Tuna kompyuta 22 za mezani, zote za mtumba, kila moja ina RAM ya GB 4, na mwezi Machi 2025 mfadhili alituletea mafundi wakazisakinishia Debian 12, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux. Sina ugomvi na Debian. Niliiomba mimi mwenyewe. Ugomvi wangu ni na namna mafundi hao, ambao sitawataja, walivyoweka programu ndani yake. Najua pia kwamba si wao peke yao, maana kazi ya namna hiyo hiyo nimeikuta kwenye shule mbili jirani na kwenye zahanati moja.

Nikisema kifurushi katika uzi huu nina maana ya kifurushi cha programu, yaani lile faili la .deb pamoja na maelezo yake, na nikisema hazina nina maana ya ghala la mtandaoni ambako vifurushi hivyo hupakuliwa. Bando la intaneti nitaliita bando, nalo limo katika kisa hiki, tena ndipo palipotuuma.

Jumatatu ya kwanza ya likizo nilikaa mbele ya kompyuta namba 1, nikafungua terminali, nikaandika sudo apt update, kisha sudo apt upgrade (apt ndiyo programu ya Debian ya kupakua, kusakinisha na kusasisha vifurushi). Nilitarajia vifurushi vichache tu vya marekebisho ya usalama, kwa sababu toleo thabiti la Debian halibadilishwi ovyo baada ya kutoka. Hiyo ndiyo maana ya kuitwa thabiti. Badala yake majina yakaanza kumiminika, skrini moja, ya pili, ya tatu, na chini kabisa apt ikanieleza kwamba vifurushi 1,312 vitasasishwa na kwamba nitapakua GB 1.6, kisha ikaniuliza kama niendelee. Shule yetu hununua bando la GB 20 kwa mwezi. Zidisheni wenyewe GB 1.6 kwa kompyuta 22, mtapata zaidi ya GB 35.

Nilijibu n, nikafungua faili la /etc/apt/sources.list, ambamo hazina huorodheshwa. Mstari wa kwanza ulikuwa wa bookworm, ambalo ndilo jina la Debian 12, na ulikuwa sahihi. Wa pili ulikuwa wa masasisho ya usalama, nao sahihi. Wa tatu ulikuwa wa sid.

Kwa ndugu ambao hawajawahi kukutana nalo, sid ni jina la kudumu la tawi la Debian lisilo thabiti, mahali ambapo watunzaji wa vifurushi huweka matoleo mapya kila siku ili yajaribiwe na kugombana humo kabla ya kuelekea kwenye toleo lijalo. Si mahali pabaya. Bila sid hakuna Debian. Lakini si mahali pa kompyuta ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Na kibaya zaidi ni namna mstari ule ulivyowekwa. Usipoiambia apt lolote katika faili la /etc/apt/preferences, bookworm na sid hupewa kipaumbele kilekile cha 500, na hazina zinapolingana kipaumbele, apt huchukua toleo lenye namba kubwa. Sid karibu siku zote ndiyo yenye namba kubwa. Kwa hiyo mstari ule mmoja uliweka agizo kwamba siku yoyote mwalimu atakapotii ushauri wa kusasisha mfumo wake, mfumo mzima ung'olewe kutoka kwenye toleo thabiti na kupelekwa kwenye lisilo thabiti, bila yeye kuombwa idhini kwa lugha anayoielewa.

Nilipochunguza sababu, niligundua kwamba walitaka LibreOffice (programu za kazi za ofisi) mpya zaidi, kwa kuwa ile ya Debian 12 ni 7.4 na mtu fulani alisema imepitwa na wakati. Sawa, haja hiyo ninaiheshimu. Lakini Debian ina hazina iliyotengenezwa kwa haja hiyo hiyo, nayo inaitwa bookworm-backports: matoleo mapya yaliyojengwa upya juu ya maktaba za Debian 12, yaani msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi, na LibreOffice ililetwa humo mara kwa mara. Hazina hiyo imewekewa kipaumbele cha 100, kwa hiyo haichukui chochote usichokiomba kwa jina. Ukiandika sudo apt install -t bookworm-backports libreoffice, unapata LibreOffice pamoja na vitegemezi vyake vichache (vifurushi inavyovihitaji ili ifanye kazi), na vifurushi vingine vyote vinabaki mahali pake. Mstari mmoja wa hazina na amri moja. Ni maelezo yaliyo wazi kwenye kurasa za Debian wenyewe, ambao pia wana ukurasa mzima unaoonya watu wasichanganye matawi namna hii. Fundi anayelipwa kusakinisha Debian na hajausoma ukurasa huo amelipwa kwa kazi asiyoijua.

Wala msinijibu kwamba LibreOffice ni programu moja tu, itadhuru nini. Programu moja kutoka sid huja na ukoo wake. Tangu mwaka 2024 maktaba nyingi za Debian zilibadilishwa majina, zikaongezwa t64 mwishoni, katika kazi kubwa ya kuiandaa mifumo ya biti 32 kwa tatizo la saa la mwaka 2038, ambapo hesabu ya saa ya biti 32 itajaa. Libssl3, kwa mfano, ikawa libssl3t64. Kompyuta zetu ni za biti 64, hazikabiliwi na tatizo hilo, lakini majina yalibadilika kwa wote. Kwa hiyo kifurushi cha sid kinaomba maktaba zenye jina jipya, kile cha bookworm kinaomba zenye jina la zamani, na katikati yao imekaa libc6, ambayo karibu kila programu kwenye mashine inaitegemea. Ikishapandishwa hiyo, umeshaondoka Debian 12, hata kama skrini bado inakuandikia Debian 12.

Sasa niwaeleze kuhusu kompyuta namba 14. Wakati mimi niko kwenye namba 1, mwenzangu wa fizikia alikuwa amekwisha kuanza upande wa pili wa chumba kwa nia njema kabisa, akabonyeza Y. Upakuaji ukaenda hadi usiku, tukauacha. Asubuhi yake dpkg, programu ambayo apt huitumia kusakinisha vifurushi, ikaanza kufungua na kupanga vifurushi, na mnamo saa nne umeme ukakatika. Mashine ilipowaka tena hapakuwa na dirisha wala kipanya, bali skrini nyeusi yenye maandishi inayoomba jina na nenosiri. Niliendesha sudo dpkg --configure -a, kwa sababu ndivyo mfumo wenyewe unavyoelekeza usakinishaji unapokatizwa. Vifurushi kadhaa vikakaa sawa, kisha ikakwama kwenye kundi la vitegemezi ambavyo kila kimoja kilikuwa kinamsubiri mwenzake. Nikajaribu sudo apt --fix-broken install. Ikanipendekezea kuondoa eneokazi lote, kuanzia kidhibiti cha madirisha hadi LibreOffice ile ile iliyoleta balaa. Nilikaa pale muda mrefu nikiitazama ile orodha. Kurudi nyuma hakuwezekani pia, kwa maana Debian hawaungi mkono kushusha mfumo kutoka toleo la juu kwenda la chini. Unaweza kulazimisha, lakini kitakachotokea ni juu yako.

Nikarudi kwenye namba 1 kutazama folda ya /etc/apt/sources.list.d, na hapo hasira ikageuka hofu. Palikuwa na hazina ya mtu wa nje, ya programu ya kusimamia skrini za wanafunzi, na mbele ya anwani yake pameandikwa trusted=yes ndani ya mabano ya mraba. Naomba kila fundi anayesoma hapa aelewe maana ya maneno hayo mawili. Usalama wa apt ni mnyororo: faili kuu la hazina hutiwa saini kwa ufunguo wa watunzaji, ndani yake mna alama za uhakiki (SHA256) za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha hizo mna alama ya kila kifurushi. Pingili moja isipolingana na nyingine, apt inakataa. Ukiandika trusted=yes umeukata mnyororo huo kwenye pingili ya kwanza. Yeyote atakayeiteka seva ile, au atakayejiingiza kati yake na shule, anaweza kutuletea kifurushi chochote, na kifurushi kinaposakinishwa, skripti zake hukimbia kwa mamlaka ya ruti (root), yaani mamlaka yote juu ya kompyuta. Bila shaka apt ililalamika kuhusu ufunguo, nao wakaona njia fupi ni kuinyamazisha. Na programu yenyewe haikuhitajika kutoka nje! Epoptes inafanya kazi hiyo hiyo, imo katika hazina ya Debian, na imetiwa saini kama vingine vyote.

Anayeona ninatia chumvi akumbuke tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ulikuwa umefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Aliufuatilia baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kumechelewa kwa takribani nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika kwenye sid na kwenye tawi la majaribio la Debian. Toleo thabiti halikuguswa. Shule iliyokuwa na mstari wa sid kama wetu na ikasasisha katika wiki zile ingeupokea mlango huo bila kujua, ilhali jirani yake mwenye bookworm tupu angelala usingizi wake.

Historia ya amri waliyoiacha nimeisoma yote. Kuna mahali apt iliwaambia kwamba mchakato mwingine unaishikilia, na badala ya kusubiri wakalifuta faili la /var/lib/dpkg/lock-frontend, yaani waliivunja kufuli inayozuia michakato miwili kuandika kwenye rejista moja kwa wakati mmoja. Kuna skripti iliyovutwa mtandaoni kwa curl na kumwagwa moja kwa moja kwenye sudo bash, yaani ikaendeshwa kwa mamlaka yote bila kusomwa kwanza, na mpaka leo sijui iliandika nini na wapi, kwa sababu dpkg haina kumbukumbu yoyote ya vitu hivyo. Kuna pip, kisakinishi cha vifurushi vya lugha ya Python, ambayo tangu Debian 12 inakataa kugusa Python ya mfumo na kukuelekeza utengeneze mazingira ya pembeni. Wao wakaongeza --break-system-packages. Jina la chaguo hilo linasema wazi kwamba unauvunja mfumo, na mtu akaliandika kwenye kompyuta ya shule, mara 22.

Hilo la mara 22 nalo linanikera kuliko ninavyoweza kueleza. Mwezi Machi kila kompyuta ilipakua vifurushi vyake yenyewe kutoka nje, vilevile, kwa bando letu. Kifurushi kiitwacho apt-cacher-ng kingewekwa kwenye kompyuta moja, zile 21 zikaelekezwa kwake kupitia mlango (port) wa 3142, na kila faili la .deb lingepakuliwa mara moja tu na kugawiwa ndani ya chumba kwa waya. Ni kazi ya nusu saa. Kwa shule inayohesabu GB zake, hili lilipaswa kuwa jambo la kwanza kabla ya lolote.

Niliwapigia simu. Kijana aliyepokea alinisalimu kwa adabu, akanisikiliza, kisha akasema: “Mwalimu, usijisumbue, piga fomati uweke upya, Linux ndivyo ilivyo.” Nilimwuliza orodha ya walichosakinisha iko wapi, akaniambia hawakuandika. Amri ya apt-mark showmanual ingewatolea orodha hiyo kwa sekunde moja, kama kila kitu kingepitia apt.

Linux sivyo ilivyo. Neno hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu limeshafika ofisini. Mkuu wa shule alipoiona namba 14 alisema: “Mwalimu, hiki cha bure chenu ndicho kimetufikisha hapa.” Sasa anafikiria kuomba Windows ya kunakiliwa kutoka kwa kijana wa stendi. Miaka miwili nilipigania programu huria katika vikao vya walimu, nikiwaeleza kwamba Debian 12 ina vifurushi zaidi ya 64,000 vinavyotunzwa mahali pamoja, na kwamba mwanafunzi anaweza kuisakinisha kwao pasipo kumwibia mtu. Kazi hiyo imebomolewa na mstari mmoja wa sid.

Mafundi wa mradi ule wakisoma hapa watajijua. Ninachowadai ni hiki: waje na mtandao wao, si wetu, wazisafishe kompyuta hizi, wasiache hazina yoyote isiyo na saini, na kila watakachoweka kiwe kimepita kwenye apt na kuandikwa kwenye karatasi itakayobaki ofisini. Kama wana sababu ya kitaalamu ya walichokifanya, waiweke hapahapa mbele ya wote.

Kwa sasa nimeufuta mstari wa sid kwenye mashine 21, jambo ambalo linazuia tu hali isizidi kuharibika. Libc6 na LibreOffice zimebaki za sid, na masasisho ya usalama ya bookworm hayatazigusa. Nimeazima diski mweko yenye faili la usakinishaji la Debian 12 kutoka kwa mwalimu wa shule jirani. Jumamosi saa mbili asubuhi, umeme ukiwapo, naanza na namba 14.