GPL 2 na Apache 2.0: tuunganishe vipi miradi miwili ya usafiri wa Mombasa? (Ulinganisho)

FundiWaTudor
Waungwana, naomba mnisaidie kupima. Kundi letu la watu sita hapa Tudor limeandika programu ya kuonyesha njia za matatu na vituo vyake, nayo tuliitoa chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria inayotaka anayesambaza kazi iliyotokana nayo aitoe chini ya leseni hiyohiyo. Wenzetu wa Kisauni wana programu inayopokea taarifa za msongamano wa kivuko cha Likoni kwa ujumbe mfupi, nao wametumia Apache 2.0, leseni huria isiyo na sharti hilo. Tunataka kushirikiana, na mezani zipo njia tatu: sisi tuhamie GPL toleo la 3, wao wahamie MIT (leseni huria fupi yenye masharti machache), au kila kundi libaki lilipo na programu hizi mbili ziwasiliane kupitia seva. Ipi ina majuto machache?

MaalimLeseni
Ndugu, kabla ya kuchagua, fungua mafaili yenu usome maneno yaliyo juu kabisa. Je, yanasema "toleo la 2 au lolote la baadaye", au "toleo la 2 peke yake" kama kiini cha Linux? Apache 2.0, iliyotolewa 2004, inasema kwamba anayefungua kesi akidai kazi hiyo imevunja hataza yake (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi) hupoteza haki za hataza alizopewa na leseni hiyo. GPL 2, ambayo ni ya 1991, haikubali msambazaji aongeze sharti jingine juu ya yale iliyoyaweka, na hapo ndipo leseni hizi mbili zinapogongana. GPL 3 ya 2007 iliandikwa kwa namna inayolikubali sharti hilo. Kwa hiyo, mkiwa na maneno "au lolote la baadaye", mnaweza kusambaza mchanganyiko chini ya GPL 3 leo hii bila kumwomba mtu ruhusa. Mkiwa na "peke yake", kila aliyeandika lazima akubali.

Lakini jueni kwamba njia hiyo ni ya upande mmoja. Msimbo wa Kisauni, yaani maandishi ya programu yao, utaingia kwenu, ila wenu hautaweza kuingia kwao wakabaki na Apache, kwani chumvi ikishakolea mchuzini haitolewi.

MwanaKisauni
Hilo ndilo linalotukera, Maalim. Tazama programu mbili za kazi za ofisi zenye asili moja: OpenOffice, ambayo tangu 2011 iko chini ya taasisi ya Apache na leseni yake, na LibreOffice, ambayo hutumia leseni nyingine, MPL 2.0. Marekebisho ya OpenOffice huchukuliwa na LibreOffice, lakini ya LibreOffice hayarudi mpaka mwandishi wake aridhie. Sisi hatukatai kusaidia, ila hatutaki kuwa kisima cha kuchotwa tu.

BintiNyali
Basi MIT nayo haiwafai. Ingeondoa mgongano na GPL 2, ni kweli, lakini upande mmoja ungebaki vilevile, na juu ya hayo mngepoteza ruhusa ya hataza ambayo Apache inaitaja waziwazi ilhali MIT haiitaji kabisa.

Mimi ningeongeza njia ya nne. Sehemu mnayoihitaji nyote wawili, yaani orodha ya vituo na hesabu ya njia, itolewe ndani ya programu ya Tudor iwe maktaba inayojitegemea, yaani kifurushi cha msimbo ambacho programu nyingine hukitumia, chini ya MPL 2.0. Leseni hii ya 2012 hushika faili kwa faili: anayerekebisha faili la maktaba na kulisambaza hulitoa chini ya MPL, lakini mafaili yake mengine hayaguswi. Nayo inaruhusu kuchanganywa na GPL 2 na matoleo yanayofuata, isipokuwa pale mwandishi alipoandika kwamba amekataa. Hapo msimbo unakwenda na kurudi.

MaalimLeseni
Naunga mkono, dada. Ile ya seva ni salama pia, kwa sababu programu mbili zinazotumiana ujumbe kupitia mtandao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi mbili tofauti. Lakini ushirikiano wa namna hiyo ni wa majirani wanaosalimiana ukutani.

NahodhaMstaafu
Mnajadili leseni, lakini mwenye mali ni nani? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyofanywa katika ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kuna makubaliano mengine. Katika mradi wetu wa zamani tulilazimika kufuta kazi ya miezi minane ya mwenzetu, kwa kuwa mwajiri wake alikataa kutia sahihi. Waulizeni hao sita mmoja mmoja.

FundiWaTudor
Nimeuliza usiku huu. Mafaili karibu yote yanasema "au lolote la baadaye", na watano wameridhia MPL kwa maktaba. Wa sita aliandika hesabu ya nauli akiwa ameajiriwa, naye hana hakika na mkataba wake. Sehemu hiyo tutaiacha nje ya maktaba mpaka apate jibu, na kwa sasa tutawasiliana na Kisauni kupitia seva. Maalim, barua za idhini ziandikwe kwa jina la mradi au kwa jina langu?

MaalimLeseni
Si kwa jina la yeyote. Kila mmoja aandike kwamba anayatoa mafaili fulani kwa umma chini ya MPL 2.0, ayataje kwa majina, atie tarehe na sahihi, kisha nakala iwekwe pamoja na msimbo wenyewe.