Tupeane uzoefu: mtoto mchanga anavyowajua watu kwa kushikashika na kucheza

mamakitinda: Habari zenu wapendwa, huku kwangu kuna kajamaa ka miezi nane, kakikudaka tu kanaanza na pua, kanatia kidole, kanahamia mdomoni, halafu nywele, na kama umevaa hereni ndo umekwisha. Baba yake anasema mkorofi, mi namwambia mtoto anatusoma sura. Nyie mnacheza nao vipi mpaka waelewe kuwa mwenzake naye anaumia?

bintimwambao: Huku Tanga bibi ndo mwalimu. Akishaogeshwa anamlaza mapajani, anasugua mafuta ya nazi viganjani yapate joto, anamkanda mguu mmoja huku anamsemesha "huu mguu wa nani? wa baba?" kisha ananyamaza. Mtoto anamkodolea macho, mara anarusha mguu wa pili mwenyewe! Yani ashajua kuna zamu yangu na zamu yako, na hapo hata kukaa bado. Ila bibi alitaka kumnyoosha na pua, hilo nilimkatalia kwa adabu.

babamapacha: Wa kwangu walizaliwa njiti, nesi akatufundisha kangaruu, mtoto kofia na nepi tu, kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Alituambia imeanzia Bogotá kule Kolombia 1978 maana mashine za joto hazikutosha. Nami nikavua shati wodini kina mama wote wananitazama lol. Saivi mmoja akimvuta mwenzie sikio, aliyevutwa akilia na mvutaji naye anaangua kilio.

dada_wa_deikea: Mamakitinda, miezi nane hajui kama anakuumiza, anataka kuona utafanyaje. Kwahiyo usicheke! Ukicheka ushakuwa mdoli wake, atarudia mpaka jioni. Mshike mkono, mpapasishe shavuni kwako taratibu, sema "poleee, polepole", kila siku hivyohivyo bila kuchoka. Na umri huo jifunike kanga umuulize mama yuko wapi, akiivuta mwenyewe ujue ashaelewa kuwa usipoonekana bado upo, kwa mdogo zaidi ukijificha ni kama umepotea kabisa. Ndo kipindi wanachoanza kulilia wageni pia, mjomba akija msimtupie mikononi, kaa naye wewe, mjomba ashike kikombe au funguo, mtoto atanyoosha mkono mwenyewe akiwa tayari.

mvumilivu: Naongezea kwa wanaopenda kutekenya, mtoto akigeuza uso pembeni ametosheka, muache apumue, sio kila kicheko ni raha.

mamakitinda: Asanteni jamani. Dada wa dei kea leo nilijikaza nisicheke, baba yake akacheka yeye 😂 Hereni nimevua. Na huyu anayening'ata akinyonya?

dada_wa_deikea: Usimvute kwa nguvu utaumia zaidi. Pitisha kidole pembeni ya mdomo atoe ziwa, mwambie "hapana" kwa sauti ya kawaida, pumzika kidogo ndo umrudishe. Ukipiga kelele wengine wanashtuka wanagoma kabisa kunyonya.