forEach haisubiri await, safu inabaki tupu

Swali
Wakuu, kwenye JavaScript nina safu ya namba za wateja, nataka kuvuta taarifa za kila mmoja kutoka kwenye seva:

```
const matokeo = [];
namba.forEach(async (n) => {
  matokeo.push(await leta(n));
});
console.log(matokeo.length);
```

Inachapa 0 kila mara, na await nimeweka. Niandikeje?

Jibu
Mkuu, await yako inafanya kazi, ila inasimamisha fankisheni ya ndani peke yake. Fankisheni ya async hurudisha promisi (ahadi ya jibu litakalofika baadaye) papo hapo, na forEach hutupa chochote inachorudishiwa, kwa hiyo console.log inatangulia majibu yote. Ukiandika `await namba.forEach(...)` hupati kitu, maana forEach yenyewe inarudisha undefined. Tumia map, ikusanye promisi, kisha uzisubiri kwa pamoja:

```
const matokeo = await Promise.all(namba.map(n => leta(n)));
```

Matokeo yanafuata mpangilio wa namba hata jibu la mwisho likitangulia kufika. Kwa push yangejipanga kadiri yanavyofika.

Muulizaji
Asante. Namba ni kama 2000, na baadhi zimefutwa, hivyo leta hurusha hitilafu.

Jibu
Basi usizirushe zote kwa mkupuo. Maombi 2000 kwa pamoja yanaweza kukuletea 429 (hitilafu ya maombi kuzidi) kutoka kwenye seva. Kwenda moja moja kwa `for...of` ni salama lakini polepole: ombi likichukua milisekunde 200, utasubiri sekunde 400. Kata vipande vya 20:

```
for (let i = 0; i < namba.length; i += 20) {
  const kipande = namba.slice(i, i + 20);
  matokeo.push(...await Promise.allSettled(kipande.map(n => leta(n))));
}
```

Nimeweka allSettled makusudi. Promise.all hukataa mara promisi moja inapokataliwa; maombi mengine yanaendelea, lakini majibu yake hayakufikii. Hapa kila kipengele kina status: ikiwa "fulfilled" soma value, ikiwa "rejected" soma reason.

Jibu
Naongezea: ukibaki na forEach, try/catch ya nje haikamati hitilafu hizo, na kuanzia Node.js 15 (Node.js huendesha JavaScript nje ya kivinjari) promisi iliyokataliwa bila kushughulikiwa huzima programu. Pia usitumie `filter(async ...)`. Promisi huhesabiwa kuwa kweli daima, kwa hiyo hakuna kinachochujwa. Pata majibu kwanza kwa map na Promise.all, ndipo uchuje.