Mjadala: Bongo muvi ndo zimetufundisha kudharau baiskeli?

Mleta mada: Wakuu kwema? Huu ubishi umeanzia kijiweni huku Majengo, Dodoma, jamaa anasema huu mji hauwezi kuwa wa baiskeli kwa sababu baiskeli ni usafiri wa watu wa kijijini. Nikamuuliza hiyo umeitoa wapi, akaanza kunihadithia muvi! Na kweli ukiangalia, baiskeli kwenye bongo muvi anapanda muuza maziwa, shamba boi, au yule kaka anayeachwa na demu siku V8 inapopaki getini. Ikitokea kwenye komedi basi lazima cheni ichomoke watu wacheke. Video za bongo fleva ndo usiseme, gari hata la kukodi lazima lionekane.

Kinachoniuma ni kwamba ramani ya Dodoma ya 1976, ile waliyoichora Wakanada wa Project Planning Associates kwa ajili ya CDA (mamlaka iliyopewa kazi ya kuujenga mji mkuu), ilitaka kabisa mji wa waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi, basi liwe uti wa mgongo na watu wafike kituoni kwa kutembea. Gari binafsi halikuwa mfalme. Leo muulize kijana yeyote wa hapa mji mzuri ukoje, atakwambia flaiova. Kaiona wapi? Kwenye skrini.

Chalii wa Nkuhungu: Mkuu unawaonea wasanii. Msanii anaonyesha anachokiona mtaani. Mimi baiskeli ninayo na naipenda, ila nitoke Nkuhungu niende Mtumba nikabanane na malori na bajaji kisa nini, jua lile, na ukichepuka pembeni ya lami mbigili wanakusubiri, pancha juu ya pancha. Wekeni njia kwanza, muvi zitajirekebisha zenyewe.

Dada wa Ipagala: Mmesahau kitu. Mwanamke anayeendesha baiskeli kwenye muvi zetu mmemwona wapi? Mi sijamwona. Halafu ukipita nayo barabarani wanaume wazima wanakupigia miluzi kama wameona sarakasi. Hiyo njia hata ikijengwa leo, nani atapita?

Fundi mabango: Mi naongezea zile picha za kompyuta wanazobandika kwenye mabati ya ujenzi. Nayo ni sanaa hiyo, na ndo inayoangaliwa na watu wengi kuliko muvi. Barabara pana, minazi (minazi, Dodoma!), magari meupe yanang'aa, watu wawili watatu wametupiwa pembeni. Yule mzee wa madumu ya maji na baiskeli yake hayupo. Mchoraji kamfuta, na akishafutwa kwenye picha usitegemee atakumbukwa kwenye barabara yenyewe.

Mleta mada: @Chalii nakubali kuhusu malori, sibishi hapo. Ila njia haijiotei tu kama nyasi, kuna mtu anakaa kikaoni anasema tujenge hiki tuache kile, na huyo mtu kakulia na muvi zilezile. Halafu sisemi wasanii wafiche umaskini. Kuna filamu ya Vittorio De Sica ya 1948, Ladri di biciclette, jamaa wa Roma kapata kibarua cha kubandika mabango ila bila baiskeli hakuna kazi, baiskeli inaibiwa, anazunguka mji mzima na mwanae kuitafuta. Ni maskini wa kutupwa, na aliyeigiza alikuwa mfanyakazi wa kiwandani kweli, ila hakuna sehemu unamcheka kwa kuwa anaendesha baiskeli. Unaumia naye. Hiyo heshima ndo naidai.

Na sisi tuna mizizi bwana, Edward Tingatinga alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli maana ndo zilikuwa bei poa. Mtindo wa uchoraji unaouzwa kwa watalii mpaka leo umetoka kwenye kopo la fundi baiskeli, halafu tunaona chombo chenyewe ni aibu.

Dada wa Ipagala: Hapo kwa Tingatinga umenikosha. Ila bado hujajibu la miluzi.

Chalii wa Nkuhungu: Sawa, ila hata huyo Mtaliano kaibiwa! Nikienda soko la Sabasaba nikaiacha nje nani ananilindia? Mkichora huo mji wenu mchore na chuma cha kufungia.