Kama Mungu ameshachagua watu wake, tunawaombea wengine wa nini?

Mtafuta_Njia: Bwana asifiwe, bandugu. Niko Lubumbashi, Katuba. Nilikulia kwa Wametodisti, nilipooa nikahamia kwa Wapresbiteri. Jumapili pasta alifundisha Warumi 9: Yakobo na Esau wangali tumboni, hawajatenda jema wala baya, na mmoja ameshachaguliwa. Tangu hapo silali. Ambaye hayumo tunamfungia saumu ya nini? Nawaomba wenye kulijua Neno. Matusi hapana.

MamaBukari: Mungu anataka watu wote waokolewe, 1 Timotheo 2:4. Kwisha. Mume wangu nilimwombea mpaka magoti yakaota sugu. Leo yuko kwaya. Sauti mbaya, lakini anaimba.

FundiKamalondo: Sisi Wakatoliki tulishajibiwa kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, 1547: pasipo ufunuo wa pekee, hakuna ajuaye kwa hakika Mungu amemchagua nani. Orodha pasta wako hana. Nawe huna.

Mzee_wa_Neno: Watu wanamsingizia sana Calvin, mwalimu wa uteule ambaye Wapresbiteri wanamfuata. Sinodi ya Dort, mkutano wa wafuasi wake wa 1618 hadi 1619, iliwakataa wafuasi wa Arminius waliopinga fundisho hilo, na bado ikaandika kwamba Injili itangazwe kwa watu wote bila ubaguzi. Mwaka 1739 Wesley, mwanzilishi wa Wametodisti wako, alihubiri kuupinga uteule, mhubiri mwenzake Whitefield akamjibu kwa barua. Lakini Whitefield huyohuyo, mwenye kuamini uteule, ndiye aliyemtangulia Wesley kwenda Kingswood, karibu na Bristol, kuwahubiria wachimba makaa ya mawe uwanjani. Hakuwauliza kwanza nani yumo na nani hayumo. Sasa mleta uzi, unamsema nani?

Mtafuta_Njia: Ni swali la jumla tu, mzee.

MamaBukari: Swali la jumla halimkoseshi mtu usingizi.

Mtafuta_Njia: Haya. Ni yaya yangu, kaka yangu mkubwa. Anakunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Juzi ameuza sufuria ya mke wangu, bukari, ugali wetu, ikiwa bado imegandia ndani. Anakaa chumba cha nyuma hapa kwenye lupango, kiwanja chetu cha nyumbani. Nimemwombea nimechoka. Labda hakuchaguliwa, basi nimwachie Mungu.

Mzee_wa_Neno: Unamwachia Mungu kwa namna gani?

Mtafuta_Njia: Chumba nimeshakipangisha. Mpangaji amelipa garanti ya miezi sita, nimenunulia mabati. Yaya anatoka mwisho wa mwezi. Msinihukumu, nina watoto. Paulo mwenyewe kasema asiyetaka kufanya kazi asile.

FundiKamalondo: Lupango ni ya nani?

Mtafuta_Njia: Ya marehemu baba. Lakini kodi ya serikali nalipa mimi.

MamaBukari: Uwiii! Yakobo ndiye huyu! Mkubwa kashanyang'anywa urithi, sasa Warumi 9 inatafutwa ipige muhuri.

Mzee_wa_Neno: Kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, watoto wote wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, mlevi na asiye mlevi. Ita baba wadogo, kaeni chini. Uteule uacheni kanisani.

Mtafuta_Njia: Baba wadogo wako wapi siku akivunja mlango usiku? Nimeomba ushauri wa kiroho, mnaniletea tribinali.

Kobe_wa_Kenya: Ngojeni kidogo. Mlevi, lupango ya baba, na pasta naye anaangukia Yakobo na Esau Jumapili hiyohiyo? Hadithi hii imepangwa kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Halafu akaunti hii mwezi jana ilikuwa mama mjane anauza frigo.

FundiKamalondo: Ile frigo nilipiga bei mimi! Nikasubiri jibu hadi leo.

Mtafuta_Njia: Frigo ni ya shemeji. Simu tunatumia moja.

Kobe_wa_Kenya: Shemeji mjane wa nani? Yaya si yuko hai, anauza sufuria?

Mtafuta_Njia: Yaya walikuwa wawili. Mkubwa alikufa mwaka jana mgodini.

MamaBukari: Pole. Na huyu aliyebaki, lutuku alianza kabla ya msiba au baada?

Kobe_wa_Kenya: Mama, usimpe pole, anatunga. Kesho utasikia na wa tatu.

Mzee_wa_Neno: Kobe, nyamaza kwanza. Mtafuta, jibu swali la mama.

Mtafuta_Njia: Baada. Lakini garanti nishaila, mzee. Nitairudisha na nini?

FundiKamalondo: Uza frigo.

Mgeni_Ruashi: Samahani kuingilia. Huyo mpangaji akighairi, mimi natafuta chumba Katuba. Kwa mwezi ni dola ngapi, na maji yanatoka?