Tupeane uzoefu: Projekta ya bei nafuu sebuleni, kuanzia boksi mpaka ukutani

Mleta uzi

Wakuu, huu ni uzi wa wenye projekta za bei nafuu nyumbani: zile za LED za Kariakoo zinazokuja kwenye boksi lenye picha ya ukumbi mzima wa sinema, na zile za mitumba zilizostaafu maofisini. "Iko poa sana" haitusaidii. Andika ukubwa wa picha, umbali, kinachoharibika na kwa nini. Bei ziacheni, zinabadilika kila wiki.

Naanza na vipimo. Picha ya inchi 100 ya 16:9 ina upana wa sm 221 na kimo cha sm 125. Inchi 80 ni sm 177 kwa 100. Projekta nyingi za daraja hili zina uwiano wa 1.2 mpaka 1.4: zidisha upana wa picha kwa namba hiyo, utapata umbali kutoka lenzi hadi ukutani. Kwa 1.3, inchi 100 inadai sm 287. Jumlisha mwili wa mashine sm 25 na sm 30 za waya na hewa nyuma yake, umefika mita 3.4. Kwa hiyo kile chumba chetu cha futi 10 kwa 10 mwisho wake ni inchi 80. Zumu ya rimoti isikudanganye, ni ya kidijitali: inaifinya picha tu, haiikuzi.

Pima chumba kwa futikamba kabla ya kwenda dukani.

Kibatari

Nichukue upande wa mwanga. Boksi likiandika lumeni 9000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye mashine), hiyo namba haina maana yoyote. Ya kuulizia ni lumeni za ANSI, zilizopimwa kwa kanuni maalumu, na kwa mashine ndogo za LED ukweli wake mara nyingi uko kati ya 100 na 300. Ukitaka kuikamata, fanya hivi usiku:

Washa picha nyeupe tupu ya inchi 80. Igawe kwa macho visanduku 9, tatu kwa tatu. Weka simu yenye programu ya kupima lux (mwanga unaoangukia kila mita ya mraba) katikati ya kila kisanduku, kihisi kikiitazama projekta, uandike namba. Ziba lenzi, pima tena giza la chumba, utoe. Wastani wa hizo 9 zidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba (inchi 80 ni 1.77). Ukipata wastani wa lux 110, mashine yako ni lumeni 195. Simu si kipimo cha maabara, ila kutofautisha 195 na 9000 inatosha kabisa.

Sasa ukubwa. Kumbi za sinema za kidijitali hulenga mng'ao wa nits 48 (nits hupima mwanga unaorudi machoni kutoka kwenye skrini), ambao kwenye skrini nyeupe ya kawaida ni kama lux 150. Lumeni 200 kwenye inchi 100 zinakupa lux 72 tu. Zilezile kwenye inchi 60 zinakupa 200. Ndiyo maana mtu anaisifia mashine na jirani yake anaitukana, na wote wanayo modeli moja.

Mama Sinema

Kibatari, mi natazama mchana pazia limefungwa, weupe unaonekana ila usiku wa kwenye filamu hauonekani kitu. Tatizo mashine?

Kibatari

Hapana dada. Projekta haina uwezo wa kurusha weusi. Nyeusi yake ni rangi ya ukuta wako ilivyo projekta ikiwa imezimwa. Ukuta ukionekana wa kijivu kwa sababu ya mwanga wa dirishani, basi nyeusi yako ni hiyo kijivu, hata ununue mashine ya milioni. Ziba ule ufa wa juu ya fimbo ya pazia, hapo ndipo mwanga mwingi hupenya na kugonga dari.

Wa Luthuli

Wadau, huku Nairobi wengi wanachukua za ofisi zilizotumika, na kwa mwanga wako sawa: lumeni 3000 za kweli ni kawaida. Lakini kagua haya ukiwa bado dukani.

Uliza ni XGA au WXGA. XGA ni 1024 kwa 768, umbo la 4:3. Ukirusha filamu ya 16:9 unatumia mistari 576 kati ya 768, robo ya mwanga inapotelea kwenye mistari myeusi juu na chini. WXGA (1280 kwa 800) inapoteza sehemu moja ya kumi tu.

Saa za taa ziko kwenye menyu, ila kaunta hurudishwa sifuri kwa rimoti, muuzaji anajua hilo kuliko wewe. Angalia weupe: taa iliyochoka inakuwa na hudhurungi, na wakati mwingine inapepesa. Weka picha nyeusi tupu, kisha nyeupe, kisha nyekundu, kijani na buluu. Kwenye DLP (mashine zinazotengeneza picha kwa vioo vidogo sana), vinukta vyeupe visivyoondoka kwenye picha nyeusi ni vioo vidogo vilivyokwama, na huanza vitano vikaishia mamia. Kwenye LCD tatu (mashine zenye kioo cha LCD kwa kila rangi), doa la njano au la buluu lisilosogea ni polaraiza (kichujio cha mwanga) iliyoungua. Vyote viwili, rudisha mashine kwenye shelfu.

Na umeme ukikatika taa ikiwa moto, feni inazima kabla ya taa kupoa. Usiwashe mara umeme ukirudi, ngoja dakika 15. Mashine za taa hula wati 250 hadi 300, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta ya 650VA inaibeba kwa dakika chache, nazo ndizo unazohitaji ili uizime kwa utaratibu. Za LED hazina shida hiyo.

Msumari wa Nchi Nne

Kufunga darini: skrubu za dari ya jipsamu pekee hazishiki, mashine ya kilo 3 itashuka na bodi yake. Tafuta ubao juu ya jipsamu (gonga, sauti ikibadilika toboa tundu dogo la kuhakikisha), skrubu ziingie kwenye ubao angalau sm 4. Za ofisi hutumia skrubu za M4 chini ya mwili. Za LED nyingi zina tundu moja la robo inchi, lilelile la stendi ya kamera.

Kabla hujatoboa, iweke mezani ikiwa imelala sawa kwa pima maji. Picha ikianzia usawa wa lenzi na kupanda juu, ukiigeuza kichwa chini darini, lenzi ikae usawa wa ukingo wa juu wa picha. Picha ikigawanyika nusu juu nusu chini ya lenzi, lenzi lazima iwe usawa wa katikati ya picha, na dari sio mahali pake. Watu huruka hatua hii halafu wananyoosha picha iliyopinda kwa menyu. Kunyoosha kwa menyu kunakula nukta za picha, herufi za chini zinakuwa na ukungu, na pembeni kunabaki fremu ya kijivu inayong'aa.

Pazia Jeusi

Ukuta: skimu, msasa namba 240, halafu rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Rangi ya silk ni adui, inaweka doa la mwanga katikati. Kujua kama skimu imenyooka, washa tochi ukiilaza ubavuni mwa ukuta, kila kilima kitatupa kivuli.

Ukiwa mpangaji, turubai la mabango linalouzwa kwa mafundi wa matangazo linafaa, ila tumia upande usiong'aa, na ulikaze kwenye fremu ya mbao kuanzia katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona. Ukianza na kona, mikunjo haitoki tena.

Fundi Lenzi

Vumbi ndilo linaloua LED za bei nafuu, kwa sababu katika nyingi kati yake feni inapitisha hewa katikati ya kioo cha LCD na vioo vyenzake, njia iko wazi. Tofautisha mapema. Zungusha fokasi taratibu. Doa likibadilika, likawa kali sehemu fulani ya fokasi na kufifia kwingine, ni vumbi la ndani. Vumbi la lenzi ya mbele halionekani kama doa, linafifisha picha nzima. Doa la njano katikati lisilobadilika kwa kusafisha ni polaraiza imeungua kwa joto, feni ilikuwa imeziba.

Kusafisha: chomoa, subiri nusu saa. Skrubu nyingine zimefichwa chini ya miguu ya mpira na stika. Piga picha nyaya kabla ya kuchomoa hata moja, ule utepe bapa wa LCD ukichanika kazi imeisha. Ukifika kwenye karatasi ya plastiki yenye mistari ya duara (fresnel), weka alama ya maka kwenye kona moja kabla ya kuitoa, maana ikirudi imegeuzwa, fokasi haitakaa. Hiyo haifutwi, inapulizwa. Tumia kipulizio cha mpira cha mkono. Mdomo unatema mate, na kompresa ya gereji inarusha maji na mafuta. LCD ifutwe kwa kitambaa kikavu cha miwani, bila spiriti.

Kama unarushia mpira barazani, kumbikumbi na mbu wanafuata ule mwanga na wanaingia kwa feni. Msimu wa mvua kagua wavu wa feni kila wiki.

Dada Sabufa

Sauti kwa ufupi. Bluetooth huchelewa, mdomo unafunga ndipo neno linafika. Chukua waya wa mm 3.5 (tundu la hedifoni) kwenda RCA (zile pini nyekundu na nyeupe) uingie kwenye sabufa. Ikivuma "mmmm", chomeka sabufa, king'amuzi na projekta kwenye ekstensheni moja.

Fimbo ya kutiririsha filamu usiilishe umeme kwa USB ya projekta. Tundu nyingi hutoa nusu ampea, fimbo inajizima na kuwaka yenyewe katikati ya filamu. Tumia chaja ya simu ya 5V ampea 1 au zaidi.

Mama Sinema

Android ya ndani ya projekta inafungua Netflix ila picha mbovu. Intaneti yangu ni nzuri.

Dada Sabufa

Projekta nyingi za bei nafuu hazina idhini ya Netflix, kwa hiyo programu inashushwa kwenye ubora wa chini hata intaneti ikiwa ya kukimbia. Tumia fimbo yenye idhini kupitia HDMI, ile Android iache ilale. Na kwenye menyu ya picha badilisha "Standard" iwe "Movie", nyuso zitaacha kuwa za buluu.