Makongamano ya wakutubi: je, yana faida au ni posho tu?

Mkutubi wa Mbeya: Habari zenu wakuu. Niko maktaba ya chuo, mwaka wa sita sasa. Nimeomba kwenda SCECSAL, ule mkutano wa wakutubi wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika. Bosi kacheka: "Unataka kwenda kula posho?" Ada nitajilipia nusu mwenyewe. Waliowahi kwenda, mlirudi na nini hasa?

Mama Rafu: Pole mdogo wangu. Mimi kongamano la kwanza nilizunguka na begi la bure siku tatu, nikarudi na kalamu. La pili nilikaa chai na dada mmoja kutoka Uganda, tukaongea Koha. Ni programu ya bure ya kuendesha maktaba, ila mimi nilikuwa naiogopa. Akanionyesha kwenye simu yake jinsi wanavyoazimisha vitabu kwa barkodi. Leo daftari langu la kuazimisha liko kabatini. Mada za ukumbini? Nimezisahau zote.

Kijana wa Katalogi: Usiende mikono mitupu. Tuma ikisiri, yaani muhtasari wa mada unayotaka kuwasilisha. Ukiwa na wasilisho, bosi anapata la kuandika kwenye ripoti yake. Na SCECSAL ni kila miaka miwili, ukichelewa utasubiri.

Mkutubi wa Mbeya: Asante dada, asante kaka. Naandika kuhusu wanafunzi wanaoficha vitabu rafu za nyuma wakati wa mitihani. Hiyo naijua vizuri mno.

Mama Rafu: Hahaa! Ilete, hata kwangu wapo.